Makochi ya Mama Eliya

"Kaa kwanza nikuone," Mama Eliya alisema, akilionyesha kochi kubwa kwa mpini wa ufagio. "Simpi kitu mtu aliyesimama."

Bartholomeo alikaa. Mchimbaji huyu alikuwa amehamia nyumba ya jirani wiki tatu zilizopita akitokea Bukoba, na mali yake yote ilikuwa begi moja, redio, na mkeka wa kuazima. Alikaa ukingoni kabisa, magoti yamebanana, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Siyo hivyo. Egemea. Kochi lina mgongo na wewe una mgongo."

Bartholomeo akaegemea. Springi zikalia chini yake, naye akaruka. Mwanaima, jirani wa upande wa pili, aliyekuwa amesimama mlangoni na dera lake la maua, akaangua kicheko mpaka akashika kizingiti.

"Asante sana, mama," Bartholomeo alisema.

"Usinishukuru mimi. Aliyeyanunua ni yule pale."

Bartholomeo akatazama ukutani ilipokuwa picha ya kijana mwenye kofia ngumu ya wachimbaji, akitabasamu. Alisita kidogo, kisha akavua kofia yake mwenyewe. "Asante, kaka Eliya. Nitayatunza."

"Haya. Sasa unaweza kubeba."

Violeth alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikononi ameshika vitambaa vyeupe vya kufumwa vilivyokuwa vikifunika makochi hayo tangu alipoingia nyumba hii ya mtaa wa Nyasubi, Kahama, akiwa bibi harusi. Makochi matatu ya rangi ya maharage. Eliya aliyanunua mwaka aliopata dhahabu yake ya kwanza, akayaleta kutoka Mwanza juu ya lori huku yeye mwenyewe amekalia moja kati ya yale mawili madogo njia nzima, watu wa Kahama wakimpungia mkono kama kiongozi. Sasa Eliya alikuwa na miaka sita kaburini. Na leo, tangu asubuhi, bila kumuuliza mtu, mama yake alikuwa anayagawa.

Kabati la vyombo lilikuwa limeshaondoka kwa Mwanaima. Meza ya chakula imekwenda kanisani, kwa akina mama wa kwaya. Stuli nne zimekwenda kwa mama muuza maandazi wa kona, ambaye alikalia zote nne moja baada ya nyingine, akisema asante nne, kwa sababu Mama Eliya hakutaka mchezo.

"Mayu," Violeth alisema, Bartholomeo na wenzake walipokwisha kulitoa kochi kwa shida mlangoni. Humwita hivyo, yaani mama, tangu siku ya kwanza, kwa Kisukuma cha nyumba hii, ingawa yeye ni Msumbwa wa Ushirombo. "Mayu, si ungesubiri? Masalu anakuja na kenta leo hii. Tungepakia."

"Tupakie nini?"

"Makochi."

Mama Eliya aliegemeza ufagio ukutani. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, wa miaka sitini na tano, aliyefunga kitambaa kichwani kwa namna ambayo hata upepo wa Kahama wa mwezi wa nane ulikuwa haukifungui.

"Violeth. Yule bwana ana mwaka mzima anakuja hapa. Umewahi kumwona amekaa?"

Violeth alianza kuvikunja vile vitambaa.

Masalu alikuwa fundi seremala wa Kalangalala, pale Geita mjini. Mwaka mmoja uliopita alikuja Kahama kununua mbao, msumari ukamchana suruali kutoka kiunoni hadi gotini, akaingia kwenye kibanda cha Violeth cha ushonaji akiwa amejifunga gunia. Violeth alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Cheka," Masalu alimwambia, "ukimaliza ushone."

Jumamosi iliyofuata alirudi na suruali nyingine. Violeth aliigeuza, akaitazama mpasuko wake, akamtazama mwenyewe. "Suruali hii imekatwa kwa mkasi."

"Msumari wa safari hii ulikuwa mkali," Masalu alijibu, wala hakucheka, lakini macho yake yalicheka, na Violeth alilala na macho yale siku saba.

Basi ndivyo walivyoanza. Na kwa kuwa Violeth hakuwa mtu wa kujificha, mwezi haukuisha alimleta nyumbani. Alimsimamisha mlangoni, akamwambia kwa fahari, "Masalu, huyu ndiye mama yangu."

Tangu siku hiyo mwanamume yule hakuwahi kuvuka kizingiti. Alikuwa akifika, anasimama mlangoni, anainamisha macho, anasema "Shikamoo mama" kwa sauti ya chini, kisha anazunguka nyuma ya nyumba kulikokuwa na cherehani nyingine ya Violeth na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Eliya akitokea uani, Masalu atanyanyuka na kukumbuka kwamba ule uzio una ubao uliolegea. Akiletewa chakula mezani, anaomba apelekewe nje. Siku moja mvua kubwa ilimkuta hapo, na Mama Eliya, akiwa peke yake sebuleni, akamwita mara tatu aingie. Masalu akakataa mara tatu, akabaki chini ya paa la nje analowana kama kuku. Mama Eliya aliubamiza mlango.

"Makochi yangu yana chawa?" alimuuliza Violeth jioni ile. Violeth alimwambia Masalu ni mwenye haya tu.

Lakini moyoni Violeth alikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilimuuma. Aliamini ni picha ile ya ukutani. Mwanamume gani atakalia makochi ya mwanamume mwenzake huku mwenyewe anamtazama anatabasamu? Hakuwahi kumuuliza Masalu, maana aliogopa kuambiwa ndiyo.

"Mimi simlaumu," Mama Eliya aliendelea sasa, sauti imelegea. "Kila mtu na moyo wake. Anakupenda, hilo naliona. Ila vitu vya marehemu vinamkera. Ukienda navyo kwake, kila siku atakuwa anavikwepa, na mwisho atakukwepa na wewe. Haviuzwi, vina heshima yake. Ndiyo maana navigawa kwa watu watakaosema asante. Wewe nenda mwepesi."

Violeth alikumbatia vile vitambaa. Alimjua mama huyu. Alijua vitu hivi ni nini kwake. Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu wa upande wa baba yake Eliya walikuja na mkokoteni wa ng'ombe kuchukua kila kitu, maana Violeth hakuwa amezaa, na kwao mjane asiye na mtoto ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Mama Eliya alipanda juu ya kitanda cha Eliya na Violeth, akakunja miguu, akawaambia, "Mkitaka kitanda, kibebeni na mimi juu yake. Na mkamwana wangu mtamkuta chini ya godoro." Alikaa pale siku mbili. Mkokoteni ukarudi mtupu. Tangu siku hiyo walikuwa wawili tu, mjane na mama wa marehemu, wanakula sahani moja, na Violeth hakuwahi kulala siku moja bila kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule.

Ndiyo maana Masalu alipotoa mahari, Violeth aliomba mkaja, ile kanga na blanketi la heshima ya mama, upelekwe kwa Mama Eliya na si kwa shangazi yake Juliana wa Ushirombo aliyemlea. Shangazi alikubali kwa mdomo. Watu wa mtaani walisema maneno yao: Mama Eliya anamuoza mke wa mwanawe! Mama Eliya hakuwajibu. Aliupokea mkaja kwa mikono miwili.

"Shoga," Mwanaima aliita kutoka barazani. "Na hiki kitanda kidogo ni cha nani? Kina mwenyewe?"

"Kitanda gani?" Violeth aliuliza.

Alitoka nje. Kitanda cha Mama Eliya, kile cha futi tatu na nusu alicholalia miaka yote, kilikuwa kimefunguliwa, mbao zake zimefungwa kwa kamba na kuegemezwa ukutani. Godoro limekunjwa. Pembeni kulikuwa na begi la safari limefungwa zipu.

Violeth aligeuka taratibu.

"Mayu. Utalala wapi?"

Mama Eliya alijifanya anaokota uchafu sakafuni. "Kaka yangu Maduhu wa Kolandoto ana nafasi."

"Mjomba Maduhu ana vyumba viwili na wajukuu tisa! Mwaka jana ulikwenda siku nne ukarudi na kikohozi kwa kulala jikoni!"

"Jikoni kuna joto."

"Tulikubaliana unabaki hapa, mimi nije kila mwezi!"

"Nibaki hapa na nani? Na ukuta?" Mama Eliya alisimama wima. "Nyumba hii nikibaki nayo wewe hutaolewa, Violeth. Utakuwa huko Geita mwili, roho iko hapa inanipikia uji. Nimeshaongea na mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi anaichukua. Umenitunza miaka sita wakati hukudaiwa. Mwanamke mwingine angekwenda zake siku ileile mkokoteni ulipokuja. Nakushukuru. Wabeja, mkamwana wangu. Sasa inatosha. Una miaka thelathini na tatu, nenda kwa mumeo."

Mwanaima, ambaye kwa kawaida huwa na la kusema juu ya kila jambo, alijifunika uso kwa mtandio na kujiondokea polepole.

"Basi harusi haipo," Violeth alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nimesema. Wewe ukalale jikoni Kolandoto, mimi nikalale kwenye kitanda kipya Geita? Harusi haipo, mayu. Masalu akija nitamwambia."

Hapo hapo honi ikalia nje. Kenta ya bluu, vumbi tupu, ilikuwa imesimama langoni.

Masalu aliruka chini. Alikuwa amevaa shati jeupe aliloshonewa na Violeth, ambalo kwa safari ya Geita mpaka Kahama lilikuwa limegeuka rangi ya udongo. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama pale pale anaposimama siku zote, akainamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Mama Eliya alijibu, akageukia ukuta.

Masalu akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba. Violeth akamfuata, na hata siku hii ya kumvunjia moyo mwanamume huyu, harufu yake ya mbao na vanishi ilimvuta.

"Umepungua," Masalu alisema, akimtazama. Hapa nyuma alikuwa mtu mwingine, macho yameinuka, tabasamu limemjaa. Akanyoosha mkono, akamwondoa uzi shavuni. "Umelia?"

"Masalu, nikuulize kitu, na unijibu ukweli hata kama utaniumiza."

Tabasamu likapotea. "Uliza."

"Kwa nini hujawahi kukaa kwenye makochi yetu?"

Masalu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajawahi kuingia kanisani uchi. "Ningekaaje?"

"Kama watu wanavyokaa!"

"Violeth, yale si makochi ya mama mkwe?"

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini tena? Mimi nimelelewa na bibi, Kharumwa huko ndani. Bibi alinifundisha mkwe humtazami usoni, hukai anapokaa, huli anapokula. Ukikutana naye njiani wewe ndiye unaacha njia. Uliniambia huyu ni mama yako. Siku ile ile nikajua ni mkwe." Alishusha sauti. "Nimejitahidi sana, lakini mama mwenyewe anakuwa kila mahali! Ile siku ya mvua aliniita mara tatu. Nilitaka kulia. Ningeingiaje yuko peke yake?"

Violeth aliegemea ukuta. Kicheko kilimjia kwanza, kisha machozi, kisha vyote viwili kwa pamoja, na Masalu akabaki ameshika mikono yake asijue amfute au amngoje.

"Mwaka mzima," Violeth alisema alipoweza kusema. "Mwaka mzima anajua unamdharau. Na mimi najua unaikimbia picha ya Eliya."

"Eliya?" Masalu alishangaa kwa dhati. "Eliya namheshimu. Mtu aliyenunua kabati kama lile! Violeth, lile ni mninga, milango yake haina msumari hata mmoja. Nimelitazama mwaka mzima kutokea mlangoni, mikono inaniwasha. Nimeliandalia nafasi sebuleni kwangu, lipigwe msasa lirudi rangi yake. Liko wapi?"

"Kwa Mwanaima."

"Na makochi?"

"Kwa Bartholomeo. Mayu amegawa vyote. Alijua huvitaki."

Masalu alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa juu ya ile ndoo yake.

"Na mimi nimemaliza chumba chake Jumatano," alisema.

"Chumba cha nani?"

"Cha mama. Cha nje. Mlango wake unatazama barabara na wetu unatazama uani, ili asipate shida ya kunikwepa na mimi nisimvunjie heshima. Nilitaka nikuambie leo tukiwa tunapakia. Ila mjomba Mayala alikuja kukiona, tukagombana. Anasema mkwe huja kutembea, haji kuhamia. Anasema ukoo mzima utatucheka. Nimelala siku tatu bila raha, ndiyo maana hata simu nilikuwa nakata mapema."

Violeth alimtazama mwanamume yule amekaa juu ya ndoo, amejaa vumbi, amejenga chumba chenye mlango uliogeuzwa upande wa pili. Alikuwa amempenda tangu ile suruali ya mkasi, lakini siku hiyo alimpenda kwa namna iliyomtisha. Akapiga magoti mbele yake, akaweka paji la uso kwenye mikono yake mikubwa yenye makovu ya misumari.

"Asante," alimwambia. "Sijui kama tutaoana, Masalu, lakini asante."

"Kwa nini tusioane?"

"Njoo."

Alimshika mkono na kumvuta mpaka mlango wa mbele. Sebule ilikuwa tupu, ukutani alama nyeupe lilipokuwa kabati. Mama Eliya alikuwa amekaa juu ya godoro lake lililokunjwa. Violeth alimweleza yote, harakaharaka, bila kupumzika, huku Masalu amesimama nje ya kizingiti anatazama ndara zake.

Mama Eliya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika mabega. Violeth akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mungu wangu! Mimi nimekulia misheni Kolandoto. Baba yangu alikuwa mtunza bustani pale. Hayo mambo ya wakwe kukimbiana, wazungu na wachungaji walikuwa wameshayafuta zamani. Baba alikuwa anakula meza moja na bibi mzaa mama, wanagombania paja la kuku! Nitajuaje?" Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Baba, nisamehe. Nilikuita majina."

"Majina gani, mama?" Masalu aliuliza, bado anatazama chini.

"Hayo niachie mwenyewe."

Kicheko kikaisha. Mama Eliya akashusha pumzi ndefu.

"Nakushukuru kwa heshima hiyo. Mwaka mzima nimeheshimiwa na sikujua. Na chumba nakushukuru. Lakini mjomba wako yuko sahihi. Mkwe haji kuhamia. Mimi nikae kwenye chumba, wewe uwe unachungulia kama nimetoka ndipo uende kuoga? Utazeeka kwa kujificha. Hapana, baba. Pakia vitu vya Violeth, na mimi unishushe stendi."

"Na vile ulivyogawa tungeweza kuvirudisha..." Violeth alijaribu.

"Nilichotoa nimetoa. Watu wameshasema asante."

Nje dereva wa kenta alikuwa anapiga soga na Bartholomeo. Violeth alimtazama Masalu, na macho yao yalipokutana aliona humo jambo ambalo hakulielewa. Masalu alivua kofia. Akainua mguu, akavuka kizingiti.

Mama Eliya alishtuka, akataka kunyanyuka.

"Kaa, mama. Naomba ukae." Masalu alichuchumaa mbele ya lile godoro, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamtazama yule mama usoni. "Mama yangu alifariki nina miaka minane. Harusini kwangu, upande wa bwana harusi, kiti cha mama hakina mtu. Mjomba alitaka akae mke wake, nikakataa. Nilikuwa sijui nangoja nini. Mama, mimi sitaki uwe mkwe wangu. Ukiwa mkwe nitakukimbia mpaka nife. Kaa upande wangu. Uwe mama yangu. Mama haji kutembea kwa mwanawe, anakaa kwake. Mjomba Mayala hana neno la kusema hapo, wala ukoo. Na Violeth atabaki kuwa mkamwana wako kama alivyokuwa."

Violeth alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja.

Mama Eliya aliitazama ile picha ya ukutani.

"Unajua unachoniomba?" alisema. "Neno 'mwanangu' nililiacha makaburini. Hata huyu Violeth, pamoja na yote, simwiti hivyo. Namwita mkamwana. Nikimwita mtu mwingine vile naona kama Eliya atadhani nimetoa na nafasi yake, kama nilivyotoa makochi."

"Nafasi yake siitaki, mama. Nitakuwa wa pili. Yeye ni kaka."

Mama Eliya alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Walisubiri. Masalu alibaki amechuchumaa pale pale. Violeth alikaa sakafuni karibu yake, bega kwa bega, na wala hawakuthubutu kushikana mikono. Walisikia kasha la bati likifunguliwa. Walisikia mtu akipenga kamasi.

Mlango ulipofunguka, Mama Eliya alikuwa amebeba kanga na blanketi, vimekunjwa vizuri kama vilivyokuja. Mkaja. Violeth akatikisa kichwa, maana anayerudisha mkaja anavunja posa, hilo linajulikana Kahama, Geita na Ushirombo.

"Mayu, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Pokea."

Violeth alipokea.

"Mpelekee shangazi yako Juliana," Mama Eliya alisema. "Yeye ndiye aliyekulea, yeye ndiye atakayekutoa kanisani. Mwambie namwomba radhi kwa kukaa nao, na namshukuru kwa kuninyamazia. Mimi siwezi kuula mkaja. Nitakuwa nimekaa upande mwingine."

Akajifunga kanga yake upya kiunoni, polepole. Kisha akaweka mikono kiunoni na kumwangalia Violeth kutoka juu mpaka chini, kwa jicho kali ambalo Violeth hakuwa ameliona tangu mwaka ule wa kwanza wa ndoa yake.

"Sasa, mkamwana, umekaa tu hapo sakafuni unalia. Mwanangu katoka Geita tangu alfajiri, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Maji yake ya kuoga yako wapi?"

Masalu aliinamisha kichwa, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika.

"Naweka jikoni sasa hivi, mayu," Violeth alisema.